Mistari Miwili, Kisha Nini? Kutumia Kipimo cha Ujauzito Nyumbani

Mazungumzo ya muuguzi mkunga wa idara ya afya ya kaunti mbele ya wakazi wa wadi ya Shieywe, mjini Kakamega. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Leo sitazungumza juu ya uzazi wote, maana hatungemaliza. Nitazungumza juu ya kijiti kimoja chembamba kinachouzwa katika kila duka la dawa hapa mjini, kile cha kupimia ujauzito. Wengi wenu mmekitumia. Wengine mmetumwa kukinunua na mkakifunga kwenye gazeti ili mtu asione. Hakuna aibu. Ni kifaa cha afya, kama kipimajoto.

Lakini kuna jambo linalotusumbua sisi wakunga. Mama anapima nyumbani wiki ya tano ya mimba, anaona mistari miwili, anafurahi au anaogopa, kisha anakaa. Anakuja kliniki mimba ikiwa na miezi mitano, wakati mwingine sita. Ukimuuliza alijua lini, anasema, "Nilijua zamani, nilipima." Kwa hiyo kipimo kilifanya kazi yake. Ni siku zilizofuata ndizo zilizopotea.

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hapa Kenya asilimia 98 ya akina mama waliojifungua walimwona mhudumu wa afya aliyehitimu angalau mara moja wakati wa ujauzito. Hiyo ni habari njema. Lakini waliofika mara nne au zaidi walikuwa asilimia 66 tu. Maana yake mlango wa kliniki tunaujua, ila tunaufikia tukiwa tumechelewa. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mama aonane na mhudumu mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla wiki 12 hazijaisha.

Basi nikuombeni mwondoke hapa na mambo mawili: namna ya kupima vizuri, na nini cha kufanya baada ya jibu, liwe ndiyo au la.

KIPIMO KINATAFUTA NINI

Mimba ikishajishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, mwili huanza kutoa homoni inayoitwa hCG. Homoni hiyo huingia kwenye damu, kisha kwenye mkojo. Katika siku za mwanzo huongezeka upesi sana, karibu mara dufu kila siku mbili au tatu. Kijiti kina dawa inayoinasa homoni hiyo na kuchora mstari.

Kwa hiyo kijiti hakioni mtoto. Hakijui kama mimba iko mahali pake au imekaa nje ya mfuko wa uzazi. Hakijui ina wiki ngapi, na hakijui kama ni pacha. Kinajibu swali moja tu: je, homoni ipo kwenye mkojo huu au haipo? Maswali mengine yote yanajibiwa kliniki.

Zamani swali hilo moja lilikuwa na gharama kubwa. Katika miaka ya 1930 na kuendelea, hospitali za nchi nyingi zilitumia chura wa kutoka kusini mwa Afrika. Walimdunga mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai ndani ya saa chache walijua kwamba yule mwanamke ni mjamzito. Mwaka 1967 dada mmoja wa Marekani aitwaye Margaret Crane, aliyekuwa mchoraji katika kampuni ya dawa, aliona mirija ya kupimia maabarani akajiuliza kwa nini mwanamke asijipimie mwenyewe nyumbani. Wakubwa wake hawakulipenda wazo hilo. Hata hivyo, kipimo chake kilianza kuuzwa Canada mwaka 1971, na baadaye Marekani. Leo tunakipata hapa kwetu bila foleni wala barua ya daktari. Jibu ni la mwanamke mwenyewe kwanza. Hilo nitalirudia.

WAKATI WA KUPIMA

Kosa la kwanza ni haraka. Mtu amekutana na mwenzake Jumamosi, Jumatano anapima. Siku nne hazitoshi. Mimba yenyewe huchukua kati ya siku sita na kumi na mbili baada ya yai kupevuka ndipo ijishikize. Ukipima kabla ya hapo utaona mstari mmoja na utajidanganya.

Kama hedhi yako inafuata tarehe, pima kuanzia siku ile uliyoitarajia ikakosa kuja. Ukiweza kungoja wiki moja zaidi, jibu litakuwa la kuaminika zaidi. Kama hedhi yako haina mpangilio, hesabu siku 21 tangu siku ya mwisho uliyokutana na mwenzako bila kinga, kisha pima.

Hapa niwageukie vijana, hasa mlio chuoni Masinde Muliro na vyuo vingine vya mji huu. Wengi mnatumia tembe za dharura, zile mnazoziita P2. Tembe hizo zinaweza kuivuruga tarehe ya hedhi, ikaja mapema au ikachelewa. Kwa hiyo kuchelewa baada ya P2 si uhakika wa mimba, na kutokwa na damu kidogo si uhakika kwamba hakuna mimba. Hesabu zile siku 21, upime. Na mjue kwamba P2 haitoi mimba ambayo tayari imeshika. Kuimeza baada ya kuona mistari miwili ni kupoteza pesa.

NAMNA YA KUPIMA, HATUA KWA HATUA

Kwanza, nunua kijiti kwenye duka la dawa lililosajiliwa. Tazama tarehe ya mwisho ya matumizi. Tazama pakiti kama imefungwa vizuri. Kijiti kilichokaa kwenye rafu yenye jua au kilichoingia unyevu huharibika, na hapa kwetu mvua haiishi. Nyumbani kiweke pakavu, mbali na jiko, na usiifungue pakiti hadi wakati wa kupima.

Pili, tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Usiku kucha hujanywa maji, kwa hiyo homoni haijazimuliwa. Mimba ikishafika wiki kadhaa, saa yoyote inafaa. Lakini siku za mwanzo, asubuhi ni bora. Usinywe maji mengi ili upate mkojo. Utapata mkojo mwingi na homoni kidogo.

Tatu, kinga mkojo kwenye chombo kisafi na kikavu. Chombo chenye mabaki ya sabuni au Jik kinaweza kuharibu jibu. Kikombe kidogo cha plastiki ulichokisuuza vizuri kwa maji na kukikausha kinatosha.

Nne, soma karatasi iliyo ndani ya pakiti. Vipimo havifanani vyote. Vingine ni vijiti vya kuchovya, vingine vina kidirisha na unadondosha matone, na vingine unavikojolea moja kwa moja. Kile cha kuchovya kina mstari wenye alama ya mshale. Chovya hadi hapo, usipitishe. Ukikizamisha chote, dawa yake inasombwa. Kishikilie kwa sekunde zilizoandikwa, kisha kitoe na ukilaze mahali pakavu palipo sawa.

Tano, tazama saa. Usikadirie. Vipimo vingi husomwa kati ya dakika tatu na tano. Jibu la baada ya dakika kumi usilihesabu. Mkojo ukikauka unaweza kuacha kivuli kama mstari wa kijivu, na watu wamelia au wameshangilia kwa sababu ya kivuli hicho. Usikitoe kijiti jioni kwenye pipa la taka ili ukikague tena.

KUSOMA JIBU

Kijiti kina sehemu mbili. Moja ina herufi C, ambayo ni ya kuthibitisha kwamba kijiti kinafanya kazi. Nyingine ina herufi T, ambayo ndiyo ya jibu.

Mstari kwenye C na mstari kwenye T: homoni ipo, wewe ni mjamzito. Hata kama mstari wa T ni hafifu, maadamu umetokea ndani ya muda na una rangi, uchukue kuwa ni ndiyo. Rudia baada ya siku mbili au tatu. Kama mimba inaendelea, mstari huwa umekolea zaidi.

Mstari kwenye C peke yake: homoni haijaonekana. Nimesema haijaonekana, sikusema haipo. Kama hedhi bado haijaja, rudia baada ya wiki moja.

Hakuna mstari kwenye C, hata kama upo kwenye T: kijiti kimeharibika. Kitupe, utumie kingine.

Jibu la "ndiyo" huwa ni la kweli karibu kila mara. Lakini mama aliyejifungua au aliyeharibikiwa na mimba majuzi anaweza kuendelea kuona mistari miwili kwa wiki kadhaa, kwa sababu homoni haitoki mwilini kwa siku moja. Vilevile aliyedungwa sindano ya homoni hiyo katika matibabu ya kutafuta mtoto. Dawa za malaria, dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, antibiotiki, sindano na tembe za kupanga uzazi hazibadilishi jibu.

Jibu la "la" ndilo linalodanganya zaidi, na sababu kubwa ni kupima mapema mno.

CHUMVI, SUKARI NA JIK

Nimeulizwa mara nyingi juu ya kuchanganya mkojo na chumvi, sukari, dawa ya meno au Jik, ili kuona kama utatoa povu. Vitu hivyo haviwezi kuitambua homoni. Povu linatokana na mkojo wenyewe kukutana na kemikali, na hata mkojo wa mwanamume unaweza kutoa povu hilo. Mbaya zaidi, Jik ikichanganyika na mkojo hutoa hewa inayowasha macho na kuchoma mapafu. Msifanye hivyo, hasa katika bafu dogo lisilo na dirisha.

Na zile dalili nyingine, kichefuchefu, matiti kuuma, usingizi, kuchagua chakula, ni dalili tu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu mengine hupita. Malaria pia huleta kichefuchefu na uchovu. Usimeze dawa za malaria kwa kudhani. Pima malaria, na kama kuna uwezekano wa mimba, mwambie mhudumu kabla hajakuandikia dawa.

MISTARI MIWILI: ANZA KUHESABU SIKU

Sasa nifike kwenye kiini cha mazungumzo haya. Nipe mfano wa hesabu.

Tuseme siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho ya mama ilikuwa tarehe 3 Machi, na mzunguko wake ni wa siku 28. Alitarajia hedhi tarehe 31 Machi. Haikuja, akapima, akaona mistari miwili. Sisi wakunga tunahesabu umri wa mimba kuanzia ile tarehe 3 Machi, kwa hiyo siku anayopima tayari ana wiki nne. Wiki 12 zitatimia tarehe 26 Mei. Basi ana wiki nane tu za kufika kliniki kwa wakati. Wiki nane ni muda wa kutosha kwa mtu anayejua kwamba zinahesabika. Kwa asiyejua, zinapita kama muhula wa shule.

Kwa nini tunang'ang'ania hizo wiki? Kwa sababu sehemu ya mwili wa mtoto itakayokuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa. Kwa mama wa mfano wetu, hiyo ni katikati ya Aprili, wiki mbili tu baada ya kipimo. Foliki asidi husaidia ijifunge sawasawa. Anayengoja hadi mwezi wa tano atapewa tembe hizo, na zitamsaidia kwa damu, lakini kwa kazi ile ya kwanza amechelewa. Ndiyo maana anayepanga kupata mtoto tunamshauri aanze foliki asidi hata kabla ya kushika mimba.

Sababu ya pili ni damu. Tembe za madini ya chuma na foliki asidi humezwa kila siku katika ujauzito wote. Mama mwenye upungufu wa damu akipoteza damu kidogo wakati wa kujifungua, hiyo kidogo kwake ni nyingi. Dada zangu mnaokula udongo, mwambieni mkunga bila kuona haya; mara nyingine hamu hiyo huandamana na upungufu wa damu.

Sababu ya tatu ni malaria. Kakamega iko katika ukanda wa Ziwa Victoria ambako malaria haina msimu wa kupumzika. Malaria ya mjamzito hujificha kwenye kondo, mama akawa hana homa kali lakini mtoto anakosa chakula na kuzaliwa na uzito mdogo. Mama hupewa neti yenye dawa kliniki, na kuanzia wiki ya 13 hupewa dawa ya kuzuia malaria, kila dozi ikifuatana na nyingine kwa nafasi ya mwezi mmoja au zaidi. Anayeanza mapema hupata dozi za kutosha. Anayeanza mwezi wa saba hana miezi ya kuzipokea.

Sababu ya nne ni vipimo vya damu na mkojo: kaswende, virusi vya Ukimwi, kundi la damu, wingi wa damu, sukari na protini. Kaswende hutibiwa kwa sindano, na ikiachwa inaweza kumuua mtoto tumboni. Mama mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa ana uwezekano wa kati ya asilimia 15 na 45 wa kumwambukiza mtoto wake katika mimba, kujifungua na kunyonyesha. Akitumia dawa ipasavyo, uwezekano huo hushuka chini ya asilimia 5. Hakuna sababu ya kungoja.

Kwa hiyo orodha ya wiki ya kwanza baada ya mistari miwili ni hii. Andika tarehe ya hedhi ya mwisho. Acha pombe, iwe ya chupa, busaa au chang'aa, acha sigara. Usimeze dawa wala mitishamba bila kuuliza. Kama una dawa za kila siku za kifafa, shinikizo la damu, kisukari au maradhi mengine, usiziache ghafla. Nenda kwa daktari upesi, maana nyingine zinahitaji kubadilishwa na yeye ndiye atakayezibadilisha. Kisha nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Si lazima uanzie Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Kaunti. Kituo kidogo kitakuanzishia na kukupa kijitabu cha mama na mtoto, na kikiona shida kitakuandikia rufaa. Kama hujajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, piga *147# sasa. Usingoje uchungu uanze ndipo utafute kitambulisho.

Wakazi wa kaunti hii mnaikumbuka Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, mpango ulioanza mwaka 2013 ambao wengi waliuita Oparanya Care. Mama asiyejiweza alipewa shilingi 2,000 kwa awamu sita, jumla 12,000, kadiri alivyohudhuria kliniki, akajifungulia kituoni na kumpeleka mtoto chanjo. Fedha zile zilifungwa kwenye kliniki kwa sababu kliniki ndiyo inayookoa maisha. Funzo hilo bado ni letu.

MSTARI MMOJA: USIISHIE HAPO

Kama umerudia baada ya wiki moja na bado ni mstari mmoja, na hedhi haijaja, mwili wako unasema jambo jingine. Wasiwasi mkubwa, kupungua au kuongezeka uzito, kunyonyesha, sindano ya miezi mitatu, kipandikizi, matatizo ya tezi au ya homoni, yote huweza kuzuia hedhi. Mama wa miaka arobaini na kitu anaweza kudhani hedhi inakoma kumbe ni mimba, na mwingine akadhani ni mimba kumbe hedhi inakoma. Ukikosa hedhi miezi mitatu, njoo tukuangalie.

Na kama mstari mmoja umekupa nafuu kwa sababu hukuwa tayari, hiyo ndiyo siku nzuri ya kuzungumza na mhudumu juu ya njia ya kupanga uzazi. Usingoje kununua kijiti kingine mwezi ujao kwa hofu ile ile.

DALILI ZA HATARI

Nimesema kijiti hakijui mimba iko wapi. Ikikaa nje ya mfuko wa uzazi, mara nyingi kwenye mrija, kijiti bado kinaweza kuonyesha mistari miwili. Mrija ukipasuka, damu huvujia tumboni. Ukiwa umepima ndiyo, au umechelewa hedhi tu, kisha ukapata maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, kizunguzungu, kuzirai, maumivu ya bega yasiyoelezeka, au damu ukeni, usilale ukisubiri asubuhi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kutapika kusikokubali hata maji na homa kali pia ni za hospitali.

JIBU NI LA NANI?

Baba zangu, kumnunulia mke kijiti na kumsimamia mlangoni si kumsaidia. Mama zangu, kumlazimisha binti au msichana wa kazi akojoe kwenye kikombe mbele yenu si malezi. Mtu apime kwa hiari yake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka taarifa za mgonjwa ziwe siri, na sisi wahudumu tunafungwa nayo. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba naye anafungwa na siri hiyo.

Kwa binti aliye shuleni: mistari miwili si mwisho wa masomo. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2020 unamruhusu kuendelea na masomo, na kurudi shuleni baada ya kujifungua. Mzazi, najua uchungu wako. Lakini binti anayefukuzwa nyumbani ndiye anayekuja kwetu amechelewa kuliko wote, au anayeishia kwa mtu wa kumwagizia vitu vya kunywa gizani. Keti naye. Mlete kliniki. Mwili wa msichana mdogo unahitaji uangalizi zaidi.

Na kama kuna mtu aliyemlazimisha, au kama yuko chini ya miaka 18, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, wala halimalizwi kwa mbuzi na kikao cha wazee. Aliyenajisiwa afike hospitali kabla saa 72 hazijaisha, apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi na tembe ya dharura. Asingoje kukosa hedhi. Simu 1195 ni ya wanaodhulumiwa kijinsia na 116 ni ya watoto; zote hazilipiwi.

MASWALI YALIYOULIZWA

Swali: Natumia sindano ya miezi mitatu na sioni hedhi. Nitajuaje kama nimeshika mimba?
Jibu: Kama hukukosa tarehe ya sindano, uwezekano ni mdogo sana. Ukichelewa sindano, au ukiona dalili, pima. Sindano haiharibu kipimo.

Swali: Nimepima mara mbili siku moja. Kijiti kimoja ndiyo, kingine la.
Jibu: Huenda kimoja kina uwezo wa kunasa homoni kidogo zaidi, au mkojo wa mara ya pili ulikuwa mwepesi. Ngoja siku mbili au tatu, pima asubuhi. Bado ukiwa na shaka, njoo kituoni; kuna kipimo cha damu na picha ya tumbo.

Swali: Nilipima ndiyo, wiki iliyofuata nikaona damu kama hedhi, sasa ni la.
Jibu: Huenda ilikuwa mimba iliyoharibika mapema sana. Hutokea mara nyingi, na kwa kawaida si kosa la mama. Si kwa sababu alibeba maji au alilima. Njoo tuhakikishe hakuna kilichobaki na kwamba si ile mimba ya nje ya mfuko wa uzazi. Pole sana.

Swali: Mimi ni mwanamume. Kazi yangu ni ipi?
Jibu: Mke akikuambia, usianze na hesabu za pesa. Muulize, "Kliniki tunakwenda lini?" Mpeleke, upimwe naye. Tenga nauli ya usiku mapema na uwe na namba ya boda boda au gari unayoliamini. Na umpunguzie kazi nzito kidogo kidogo bila kungoja aombe.

Ndugu zangu, kijiti kinakupa jibu katika dakika tano. Jibu hilo lina thamani kwa sababu limekuja mapema, wiki nane kabla ya mwisho wa wakati mzuri wa kuanza kliniki. Ukiliweka kabatini miezi mitano, ni sawa na kama hukupima. Kwa hiyo ukiona mistari miwili, andika tarehe, na wiki hiyo hiyo uje tukuone. Tutakupokea mama mwenye pete na asiye nayo, mwanafunzi na mwalimu wake, anayecheka na anayelia.